Mfanyakazi mpya hamalizi mwezi bila likizo, kazi zake tunabebeshwa sisi. Hii ni sawa?

#1 Mleta mada

Habari za jioni wakuu.

Naombeni mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana mada ya likizo ikiletwa hapa watu hukimbilia kusema "ni haki yake". Haki yake naijua. Nataka kujua na sisi tunaobaki ofisini tuna haki gani.

Nipo kitengo cha uhasibu, kampuni binafsi ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar. Tulikuwa wanne, mwanzoni mwa mwaka akaletwa wa tano. Tulimpokea vizuri na kusema kweli kazi anaijua. Amepewa upande wa malipo: ankara za tunaonunua kwao zinaingia kwake, anazihakiki, anaambatanisha risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), anaandaa malipo, ndipo yanakwenda kwa meneja kusainiwa. Karibu kila hela inayotoka kwenye kampuni imepita mezani kwake.

Hakuchukua muda. Ijumaa hayupo, Jumatatu hayupo. Tukauliza, tukaambiwa yuko likizo. Sawa. Wiki mbili mbele, Alhamisi na Ijumaa hayupo. Likizo. Ikaja Pasaka, akaunganisha na siku za kabla yake. Ikaja Idi, akaunganisha tena. Tangu aje sikumbuki mwezi aliokaa kwenye kiti chake mwanzo hadi mwisho. Na hakuna mara hata moja tuliyojulishwa mapema. Unafika asubuhi unakuta kompyuta imezimwa, unauliza, ndipo meneja anakumbuka kwamba alishamsainia fomu tangu juzi.

Kwa wasio wahasibu niwaeleze kwa nini hili linauma. Kazi yetu ina tarehe. Tarehe 7 ni PAYE (kodi ya mishahara) na kodi ya zuio za mwezi uliopita. Tarehe 20 ni ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT. Katikati hapo kuna michango ya NSSF, kuna kufunga hesabu za mwezi, kuna wauzaji wanaopiga simu kudai hela zao. Huwezi kumwambia TRA kwamba mwenye faili kasafiri.

Mwezi uliopita, tarehe 19 jioni, tunaandaa ritani. Ili kampuni irudishiwe VAT iliyolipa kwenye manunuzi, lazima risiti za EFD ziwepo. Risiti za manunuzi makubwa mawili hazionekani. Kwenye faili hazipo, kwenye trei hazipo. Meza ya mwenzetu ina droo tatu, mbili ziko wazi, ya chini imefungwa na ufunguo anao yeye. Simu imezimwa. Mhudumu akaja na bisibisi, meneja akakataa droo isivunjwe, na hapo simlaumu. Tukakaa hadi saa tatu usiku tukizitafuta nakala kwa wauzaji, na saa hiyo nani atakupokelea simu? Mwishowe tukawasilisha ritani bila hizo risiti, kampuni ikalipa VAT kubwa kuliko ilivyostahili mwezi ule. Najua tunaweza kuzidai kwenye ritani zijazo. Lakini hela imeshatoka, na kwa sababu imetoka, kuna muuzaji alisubirishwa malipo yake, na aliyekuja kutukanwa getini ni mimi.

Jumanne mwenzetu karudi, kafungua droo, katoa bahasha. Risiti zote zimo, zimefungwa na mpira, hazijatolewa hata nakala. Mnajua karatasi za EFD zinavyofifia. Moja ilishaanza kuwa nyeupe upande wa tarehe.

Sijamtukana, sijampeleka popote. Ila nimechoka. Mtu wa miezi michache anapataje likizo kila mara namna hii wakati sisi wa zamani tunaambiwa "subirini kidogo, tuko wachache"? Sheria inasemaje? Na wenzangu mlioko maofisini, mlifanyaje likiwatokea?

#2

Mkuu, likizo ni mali ya mwenye nayo. Akitaka kuimeza yote kwa mkupuo au kuila kidogo kidogo, ni yeye. Aliyemsainia ndiye mwenye ofisi. Kama kazi imezidi, dai malipo ya saa za ziada, usimwonee wivu mwenzako aliyejua kuzitumia siku zake.

#3

Mleta mada, mimi nimefanya kazi za utumishi kwenye kampuni binafsi kwa miaka mingi. Ngoja nikupe sheria kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31, inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Mzunguko unaanza siku aliyoajiriwa, siyo Januari. Kifungu cha 29 kinasema mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, ukiacha mambo ya waajiriwa wa msimu. Kwa hiyo kwa miezi yake ya mwanzo huyo mwenzenu kisheria hakuwa na siku ya kudai.

Lakini usikimbilie kumpelekea bosi kifungu hicho ukidhani umemaliza kesi. Sheria inaweka kiwango cha chini, mwajiri anaruhusiwa kutoa zaidi. Inawezekana mkataba wake umeandikwa hivyo, inawezekana aliahidiwa siku ya usaili. Mkataba wake haukuhusu. Wewe unayo haki ya kuuliza sera ya likizo ya ofisi inasemaje kwa wote.

La pili, na hapa ndipo wengi hawapajui: anayepanga likizo iende lini ni mwajiri. Mfanyakazi anaomba, mwajiri anapanga, mradi asipitishe miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Anaweza kusogeza hadi miezi 12 ikiwa mfanyakazi mwenyewe amekubali na kazi kweli inahitaji hivyo. Sasa meneja anayesaini fomu ya likizo kwa tarehe 19 kwenye kitengo cha uhasibu bila kumteua wa kukaimu, huyo ndiye aliyewaangusha. Mwenzenu aliomba tu.

La tatu ni hesabu, na nakuomba uliangalie kwa makini maana kampuni nyingi zinapigwa hapa. Siku 28 mfululizo ni wiki nne kamili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kwa ofisi ya Jumatatu hadi Ijumaa hizo ni siku 20 za kazi. Mtu akienda kwa mkupuo hakuna tatizo, anatoka leo anarudi baada ya wiki nne. Tatizo linakuja mkianza kukata vipande. Mtu anachukua Ijumaa na Jumatatu, fomu inaandikwa siku mbili, salio linashuka kutoka 28 hadi 26. Ukimaliza mwaka hivyo amekosekana siku 28 za kazi, yaani wiki tano na siku tatu. Kakuzidi wewe uliyekwenda kwa mkupuo siku nane nzima.

Na ukigeuza, uhesabu Ijumaa hadi Jumatatu kuwa siku nne, utamwonea yeye: mara saba tu salio limekwisha, na siku za kazi alizopumzika ni 14. Kwa hiyo ofisi ikiruhusu vipande, salio lianzie 20 na zikatwe siku za kazi peke yake. Hapo hakuna anayeonewa. Waulize watu wa utumishi wenu wanahesabuje.

#4

Umeongea naye? Ana kwa ana, bila meneja? Umeandika uzi mrefu na sijaona mahali uliposema "nilimwita nikamuuliza".

#5 Mleta mada

#3 Mungu akubariki. Mimi ndiye naandaa mishahara, orodha ya likizo inapita kwangu kila mwezi. Nimeifungua sasa hivi. Ni vilevile ulivyosema: salio linaanzia 28 na zinakatwa siku za kazi tu. Ijumaa na Jumatatu imeandikwa 2. Sikuwahi kuliona hili kwa sababu sisi wengine huwa tunakwenda kwa mkupuo, tukienda.

#2 sina wivu. Wivu ni kutaka asipumzike. Mimi nataka apumzike, ila ajue na mimi nina watoto nyumbani wanaonisubiri saa kumi na mbili. Saa za ziada hazilipwi kwetu ngazi hii, na hata zingelipwa, hela haifungui droo.

#4 nilimuuliza siku aliyorudi. Alinijibu kwa upole tu kwamba ningempigia. Nikamwambia simu ilikuwa imezimwa, akasema alikuwa safarini. Tukaishia hapo, watu walikuwa wamejaa ofisini. Kumweka chini kabisa bado.

Na nijibu ambalo halijaulizwa: mwaka jana sikwenda likizo kwa sababu tulikuwa pungufu. Mwaka juzi nilikwenda, nikaitwa katikati kuja kukaa na wakaguzi. Ndiyo maana nasema sisi tunaambiwa tusubiri.

#6

Mleta mada, mimi nilikuwa huyo mfanyakazi mpya kwenye ofisi yangu, naomba niseme upande wake.

Nilianza kazi mama akiwa anapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Yeye alikuwa akikaa kwa dada yangu Kibaha, na kumleta asubuhi, kupanga foleni, kumrudisha amechoka hawezi kukaa wima, hiyo ni siku nzima. Niliangalia sheria kama mnavyoiangalia nyie. Zile siku nne zenye malipo ni za kuuguliwa au kufiwa na mtoto, na za msiba wa mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Mzazi akiumwa tu, hakuna. Yaani akifa unapewa ruhusa ya kuzika, akiwa hai unamuuguza kwa likizo yako ya mwaka. Basi nikaila likizo yangu vipande vipande, siku moja hapa, mbili pale.

Ofisini sikumwambia mtu. Ulikuwa ugonjwa wa mama, si wangu wa kuutangaza, na nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, niliogopa wataniona mzigo. Nilisikia kabisa wanavyonisema jikoni kwenye chai. Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa stoo aliyenifuata akaniambia, "Mwanangu, sikuulizi unakwenda wapi. Kabla hujatoka niambie tu vitu vyako viko wapi." Tangu siku hiyo nikawa naandika karatasi moja: kilichobaki, kiko wapi, nani atakiulizia. Naiacha mezani.

Kwa hiyo usimuulize anakwenda wapi, muulize vitu viko wapi.

#7

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inatoa siku zisizopungua 21, na zimeandikwa wazi kuwa ni siku za kazi, kwa hiyo ule mvutano wa hesabu aliouelezea #3 hatuna sana. Kugawa likizo kunaruhusiwa mkikubaliana, lakini, isipokuwa makubaliano yaseme vingine, kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 132 wa 1970, ambao Kenya iliuridhia, nao una sharti la namna hiyo hiyo.

Mimi naona hiyo ni sheria ya busara. Siku mbili huwa haupumziki, unafua nguo na kulala. Wiki ya kwanza ya likizo kichwa bado kiko ofisini. Ni wiki ya pili ndiyo unaanza kuwa mtu.

#8

Nimekuja kuunga mkono #7 lakini kwa sababu tofauti kabisa. Mimi ni mkaguzi wa ndani.

Mnazungumzia likizo kama mapumziko peke yake. Kwenye sehemu zinazogusa hela, likizo ya mfululizo ni ulinzi. Benki nyingi duniani zinamlazimisha mfanyakazi wa eneo nyeti akae nje angalau wiki mbili mfululizo kila mwaka, na akiwa nje haingii kwenye mfumo hata kidogo. Sababu ni kwamba ubadhirifu mwingi unahitaji mtu awepo kila siku kuufunika. Mtu kachukua hela ya mteja wa kwanza, anaifunika kwa hela ya mteja wa pili, ya pili kwa ya tatu. Akikosekana wiki mbili na mwingine akakaa kwenye kiti chake, mteja anapiga simu kuuliza mbona nimelipa na bado nadaiwa, na mnyororo unakatika hapo hapo.

Sasa angalieni likizo ya Ijumaa na Jumatatu. Mtu hayupo, lakini hakuna anayekaa kwenye kiti chake. Siku mbili ni chache mno kumpa mtu mwingine kazi, kila mtu anasema "atakuja Jumanne". Kwa hiyo ndani ya mwaka mzima ametumia siku zake zote na meza yake haijafunguliwa na mtu mwingine hata siku moja. Mtu wa malipo! Anayepokea ankara, anayehakiki, anayeandaa malipo, wote ni yeye, na droo imefungwa. Simtuhumu mwenzenu, simjui. Nasema hivi: hata angekuwa malaika, kampuni yenu haina njia ya kujua.

Na wewe mleta mada, usinichukie kwa nitakalosema. Umesema unaandaa mishahara na mwaka jana hukwenda likizo kabisa. Ningekuja kukagua ofisi yenu, meza ya kwanza kuifungua ingekuwa yako. Mtu wa mishahara asiyetoka ndiye anayeweza kukaa na jina la mfanyakazi hewa miaka na hakuna anayejua. Wewe unaona umejitolea kwa kampuni. Mkaguzi anaona orodha ya mishahara ambayo haijaguswa na mkono wa mtu wa pili kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ukiingia kwa meneja, usiingie na hoja ya "mwenzetu anazidisha". Ingia na hoja kwamba kila aliye kwenye kitengo hiki, mpya kwa mzee, akae nje angalau wiki mbili mfululizo kwa mwaka na kiti chake kikaliwe. Atakuwa na kazi ngumu kuikataa.

#9

Hapo kwa #8 nimekubali. Kwetu hospitalini (mimi ni muuguzi, serikalini) ratiba ya likizo ya wodi inatengenezwa mwanzoni mwa mwaka na kubandikwa ukutani. Unajua mwezi wako, unajua mwezi wa mwenzako. Ukitaka kubadilisha unatafuta mwenyewe wa kubadilishana naye, mnakwenda wote kwa msimamizi wa wodi. Watu wanapenda Desemba, kwa hiyo aliyepata Desemba mwaka huu mwakani anakaa. Tunagombana siku moja ya mwaka, ile ya kupanga, basi. Mgonjwa haachwi kitandani eti nesi wake kaunganisha na Pasaka.

Sielewi kampuni yenye hela na kompyuta inashindwaje kubandika karatasi ukutani.

#10 Mleta mada

#8 sijakuchukia hata kidogo. Hilo la meza kutofunguliwa nitaliingiza mbele kabisa kesho, na la mishahara nitalisema mwenyewe kabla hawajalisema. #6 pole sana kwa yote, na asante. Kesho nitaanza na mwenzetu kabla ya meneja.

#11

Tunasubiri mrejesho mkuu. Usikimbie uzi.

#12 Mleta mada

Mrejesho, wakuu. Nilichelewa kwa sababu ya kufunga mwezi.

Nilimtoa mwenzetu tukaenda kunywa chai nje ya geti, sisi wawili tu. Nikafuata ya #6, nikamwambia sitaki kujua anakwenda wapi, nataka kujua kazi zake zinakuwa wapi akiwa hayupo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mwenyewe. Mwenza wake na mtoto mdogo bado wako Moshi. Alipoitwa kazini hapa alimwambia meneja kwamba familia haiwezi kuhama katikati ya mwaka, na meneja akamwahidi kwa mdomo kwamba atamruhusu kwenda kuwaona mara kwa mara. Basi la Moshi unalala siku nzima barabarani, kwa hiyo bila Ijumaa na Jumatatu hakuna anachokwenda kufanya. Hakuwa anaiba siku. Alikuwa anatimiziwa ahadi ambayo sisi hatukuambiwa.

Nikamwambia wazi: nakuelewa kuhusu mtoto, ila ile tarehe 19 hukututendea haki, na ufunguo wa droo yenye nyaraka za kampuni hauwezi kwenda Moshi. Hakubisha.

Kikao na meneja na mtu wa utumishi kilikuwa kirefu, kuna mahali sauti zilipanda. Meneja alitaka kulifanya jambo kati yangu na mwenzangu, nikakataa. Nilimwambia tatizo ni saini yake. Anasaini fomu isiyo na jina la anayebaki na kazi. Mtu wa utumishi alipoonyeshwa ile hesabu ya 28 na 20 alichukua karatasi akaandika mwenyewe, akarudia mara mbili, akasema atapitia kampuni nzima, maana vitengo vingine navyo vinakata hivyo hivyo.

Tulichotoka nacho ni hiki. Fomu ya likizo sasa ina nafasi ya wa kukaimu kusaini kabla meneja hajaigusa, bila saini hiyo hairudi kwake. Kuanzia tarehe 1 hadi 7 na tarehe 15 hadi 20 hakuna likizo kitengo cha uhasibu isipokuwa ugonjwa au msiba. Mwenzetu ataendelea kwenda kwake, lakini wiki za katikati, na tutajua mwezi mmoja kabla. Funguo za ziada za droo zote ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa meneja. Risiti ya EFD inatolewa nakala siku inapoingia. Hili la mwisho mwenzetu ndiye aliyelipendekeza na ameshaanza, jana nilimkuta mashineni na rundo lote la wiki. Na ya #8 imepita kama ilivyo: kila mtu wiki mbili mfululizo, kiti kikaliwe. Mimi nimewekwa Agosti, mishahara ataishika mwenzetu mwingine wa muda mrefu, naanza kumfundisha wiki ijayo.

Ambayo hayajaisha ni mawili. Siku alizochukua mwenzetu kabla ya kutimiza miezi sita: utumishi wanataka zikatwe kwenye likizo yake ya mzunguko huu, meneja anasema aliahidi na anaona aibu kuzikata. Nimekaa pembeni, hilo ni lao. La pili ni langu. Likizo yangu ya mwaka jana, ile niliyoambiwa nisubiri, meneja anasema "ilishapita". #3 upo? Inapitaje?

#13

Nipo mkuu. Hongera kwa kikao.

La mwenzenu: wakizihesabu zile siku ndani ya likizo ya mzunguko huo huo, sheria inaruhusu mwajiri kupunguza siku 28 kwa idadi ya siku za ruhusa zenye malipo alizotoa kwa ombi la mfanyakazi mwenyewe. Kwa hiyo utumishi hawajakosea. Ila kama meneja alimwahidi kuwa ni za juu ya likizo, hapo wakubaliane wao na waandike. Hiyo ahadi ya mdomo ndiyo iliyowafikisha hapa.

La kwako: usikubali neno "ilishapita" likabaki hewani. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukupangia likizo ndani ya muda ule niliousema. Kama alikusogeza mbele kwa sababu ya uhaba wa watu, hakuwa na ruhusa ya kusogeza bila kikomo, na ukomo ni miezi 12 baada ya mzunguko kuisha. Hata ungeacha kazi leo, likizo ambayo hukwenda iko kwenye orodha ya malipo unayotakiwa kulipwa chini ya kifungu cha 44, na ile ya mzunguko usiokamilika inahesabiwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Zidisha 13 kwa 28 uone, ni 364, karibu mwaka mzima.

Andika barua. Isiwe WhatsApp, isiwe maneno ya korido. Eleza kwamba uliomba tarehe fulani, uliambiwa usubiri kwa sababu ya upungufu wa watu, unaomba ipangwe. Kama barua yako ya mwaka jana ya kuomba unayo, ambatanisha nakala. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikukatalia kwa maandishi, madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, kwa hiyo usikae na jibu lao kwenye droo. Sidhani mtafika huko, maana meneja aliyekwishakaa kikao kile hatataka cha pili.

Na Agosti ukiondoka, acha kompyuta ya kazi ofisini.